Kuvua kwa Fimbo Ufukweni Majira ya Baridi: Mwongozo wa Anayeanza katika Pwani ya Uingereza

Kila ifikapo Oktoba maswali huwa ni yale yale: nivue saa ngapi, nitumie chambo gani, nirushe mbali kiasi gani, na kwa nini mtu aliyesimama hatua ishirini kutoka kwangu anatoa samaki ilhali ndoana zangu zinarudi tupu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayeanza, ambaye pengine umezoea mshipi wa mkononi au hujawahi kuvua kabisa, na sasa unataka kuvua baharini ukiwa umesimama nchi kavu katika pwani ya Uingereza kati ya Oktoba na Machi. Hauhusu uvuvi wa mashua. Msimamo wangu ni kwamba majira haya humpa samaki yule anayefika kwa wakati unaofaa akiwa na chambo kizuri, si yule anayerusha mbali kuliko wote.

Samaki unaoweza kuwatarajia

Samaki wa kwanza utakayemfahamu ni waitingi, samaki wa jamii ya chewa ambaye husogea karibu na ufuko kwa makundi kuanzia Oktoba hadi karibu Januari, hasa giza linapoingia. Chewa wa Atlantiki ndiye anayetamaniwa zaidi, lakini amepungua sana katika pwani nyingi, kwa hiyo usipange safari yako yote kwa ajili yake peke yake. Kwenye mchanga na karibu na midomo ya mito kuna samaki bapa wa jamii ya gayogayo, yaani flaunda na dabu. Flaunda huanza kuelekea maji ya kina kutaga mayai baada ya mwaka mpya, na hapo hupatikana kwa shida. Papa mdogo mwenye madoa hudona chambo cha aina yoyote. Kumbuka pia kwamba bahari hupoa polepole kuliko hewa, hivyo baridi yake kubwa huifikia Februari au Machi, na ndiyo maana Novemba na Desemba huwa na uhai mwingi kuliko mwisho wa msimu.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Fimbo ya ufukweni ya futi 12 au zaidi kidogo, yenye uwezo wa kurusha chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) ya wakia 4 hadi 6.
- Rili kubwa yenye kikombe kisichozunguka, ambayo ni rahisi kwa anayeanza. Rili ya ngoma inayozunguka inaweza kusubiri hadi utakapojua kurusha, kwa sababu husokota mshipi vibaya mno mikononi mwa asiyeizoea.
- Mshipi mkuu wa nailoni wenye nguvu ya ratili 15 hadi 18, na mshipi mnene wa kinga wa kufunga mbele yake.
- Chubwi za wakia 5 na 6, za kawaida na zile zenye makucha ya waya yanayong'ang'ania mchanga.
- Ndoana za namba 1 na 1/0 kwa waitingi na samaki bapa, na za 3/0 hadi 4/0 kwa chewa.
- Uzi wa mpira wa kufungia chambo, kisu, koleo jembamba la kuchopolea ndoana, rula na mfuko wa takataka.
- Stendi ya miguu mitatu ya kusimamisha fimbo.
- Taa mbili za kichwani, si moja. Katikati ya Desemba jua huzama kabla au karibu na saa kumi jioni katika sehemu kubwa ya Uingereza, na taa ikizimika kwenye mawe yenye utelezi huna njia salama ya kurudi.

Mavazi yanastahili kuzungumziwa peke yake, kwa kuwa ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani mapema kuliko ukosefu wa samaki. Usivae pamba karibu na ngozi, kwa sababu pamba ikilowa hubaki imelowa na kukunyang'anya joto. Vaa fulana ya sufu au ya kitambaa cha kukausha jasho, juu yake nguo nene yenye manyoya ya ndani, kisha koti na suruali zisizopitisha maji wala upepo. Viatu vyako viwe vikubwa kidogo ili soksi nene zisibane mguu, kwa maana mguu uliobanwa hupoa upesi. Beba glavu jozi mbili na kitambaa kikavu cha kufutia mikono kila unapomaliza kushika chambo.

Sheria chache za kuzijua

Huhitaji leseni kuvua samaki wa baharini kwa fimbo kutoka ufukweni ikiwa samaki hao ni wa kula mwenyewe, lakini huruhusiwi kuwauza. Vipimo vya chini vya samaki wa kuchukua ni sentimita 27 kwa waitingi, 35 kwa chewa na 42 kwa besi, samaki mwingine wa pwani hii, na samaki mfupi kuliko hapo hurudishwa majini mara moja. Besi ana masharti ya ziada: idadi ya kuchukua kwa siku ina kikomo, na kuna miezi ya baridi ambayo lazima arudishwe hata akiwa mkubwa. Masharti hayo hupitiwa upya kila mwaka, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya serikali kabla ya msimu. Nchini England, mamlaka za uvuvi wa karibu na pwani huweka pia kanuni zao kwa kila eneo, zikiwemo za kuchimba chambo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali wakati wa mchana. Nenda maji yakiwa yamekupwa kabisa, utembee na utazame umbo la sakafu ya bahari, kwa sababu mahali unapokanyaga sasa ndipo samaki watakapolia chakula maji yakijaa. Tafuta mifereji inayokwenda sambamba na ufuko, mashimo, vitanda vya kome, na mahali mchanga unapokutana na mawe. Piga picha na uweke alama ya kitu kisichohama nyuma yako, kama ngazi au nguzo, ili usiku ujue unasimama wapi. Ufuko wa kokoto wenye mteremko mkali, kama ule wa Chesil huko Dorset wenye urefu wa kilomita 29 hivi, au rasi ya Dungeness huko Kent, huleta maji ya kina karibu na miguu yako, lakini mteremko huo huo hulifanya wimbi linaporudi livute kwa nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Anayeanza atajifunza kwa usalama zaidi kwenye ufuko wa mchanga au kwenye gati lenye kingo.

2. Soma jedwali la maji. Muda mzuri kwa fuko nyingi ni saa tatu za mwisho za maji kujaa na saa moja au mbili za mwanzo wa kupwa, na ukiweza kuufanya muda huo uangukie machweo, umeshafanya nusu ya kazi. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mkondo wake huwa mkali na maji huingia upesi. Maji mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo, huwa na mkondo hafifu na mara nyingi samaki huwa wazito kula. Kwa kuanzia, chagua siku zilizo katikati ya hayo mawili, maji yanapoendelea kuongezeka siku hadi siku kuelekea bamvua. Angalia pia kama jedwali limechapishwa kwa saa za GMT, ambazo ndizo saa za Uingereza za majira ya baridi: kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba unapaswa kuongeza saa moja, na baada ya hapo unalisoma lilivyo.

3. Soma upepo na bahari. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hungojea siku shwari yenye maji maangavu, ambayo ni siku mbaya ya kuvua mchana. Upepo mkali unaovuma kutoka baharini hupiga sakafu na kung'oa kome, minyoo na kaa wadogo, kisha samaki huja kuvila vyakula hivyo dhoruba ikianza kutulia. Nenda siku moja au mbili baada ya dhoruba, wakati mawimbi yamepungua lakini maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Onyo: usiende dhoruba ikiwa kileleni. Maji ya baridi humfanya mtu aliyeanguka aheme bila kujizuia na kumeza maji ndani ya dakika ya kwanza, hata kama ni mwogeleaji hodari. Vaa jaketi okozi kwenye miamba na magati, mwambie mtu unakokwenda na saa utakayorudi, na ikitokea dharura piga 999 au 112 uombe walinzi wa pwani.

4. Funga mshipi wa kinga. Chubwi inaporushwa kwa nguvu huukata mshipi mwembamba na kuruka kama risasi, na inaweza kumwua mtu. Kanuni ya kufuata ni ratili 10 za nguvu ya mshipi kwa kila wakia ya chubwi. Chubwi ya wakia 6 inadai mshipi wa kinga wa ratili 60. Urefu wake uwe wa kutosha kutoka kwenye chubwi inayoning'inia, kupanda fimbo nzima, hadi kuizunguka rili mara sita au zaidi. Ili kuuunganisha, funga fundo moja la kawaida kwenye ncha ya mshipi mnene, pitisha ncha ya mshipi mwembamba ndani ya fundo hilo kisha ulikaze, zungusha ncha nyembamba mara 5 au 6 kwenye mshipi mnene, irudishe kwenye kitanzi kilicho karibu na fundo, lowanisha kwa mate na uvute polepole. Kata masalio karibu kabisa, kwa sababu ncha iliyoachwa ndefu hunasa kwenye pete za fimbo.

5. Tengeneza mtego wa ndoana mbili. Kata mshipi wa ratili 60 wenye urefu wa mita 1.2 hivi. Funga klipu ya chubwi upande wa chini na pete inayozunguka upande wa juu. Katikati weka vitawi viwili vya mshipi wa ratili 20 hadi 25, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 30, vikiwa vimetenganishwa kiasi kwamba ndoana ya juu haiwezi kukifikia kitawi cha chini. Vitawi vinavyofikiana hujisokota angani, na utavua saa nzima na fundo badala ya chambo. Ukimtafuta chewa, tumia kitawi kimoja tu cha ratili 40 chenye ndoana kubwa na chambo kikubwa.

6. Andaa chambo kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Chambo bora ni mnyoo wa mchangani, yule anayeacha vijivilima vilivyojikunja kama uzi juu ya mchanga maji yakipwa. Ukimchimba mwenyewe, tumia uma wa bustani, chimba kati ya kivilima na kishimo kilicho karibu nacho, na ufukie mashimo yako yote kabla ya kuondoka. Wafunge minyoo katika karatasi ya gazeti kavu na uwaweke mahali penye ubaridi, wala usiwaache kwenye maji ya mvua, kwa sababu maji yasiyo na chumvi huwaua. Sasa tazama namna ya kumvisha: ingiza ncha ya ndoana kichwani, sukuma taratibu ukifuata katikati ya mwili huku vidole vya mkono wa pili vikimkunjia mnyoo kwenye mpindo wa chuma, na ukifika mwisho mpandishe juu hadi sehemu yake ifunike jicho la ndoana na kipande kidogo cha mshipi. Malizia kwa kipande chembamba cha ngisi chenye urefu wa kidole gumba, kisha zungusha uzi wa mpira mara kumi hivi bila kufunga fundo. Uzi huo hujishika wenyewe. Ncha ya ndoana lazima ibaki wazi kabisa, iguse kwa kucha uhakikishe. Badilisha chambo kila baada ya dakika 20 hata kama hakijaguswa, kwa sababu usiku harufu ndiyo inayomwongoza samaki, na chambo kilichooshwa na maji hakina tena harufu ya kumwita.

7. Rusha kwa mtindo rahisi. Tazama nyuma yako kwanza, kila mara. Ikiwa unatumia mkono wa kulia, simama bega la kushoto likielekea baharini, acha chubwi ining'inie mita moja na nusu kutoka kwenye ncha ya fimbo, fungua kishikio cha rili na ushike mshipi kwa kidole cha shahada kilichovishwa kinga ya ngozi. Sukuma kwa mkono wa juu huku ukivuta wa chini kuelekea kifuani, kwa mwendo unaoanza polepole na kuishia kwa kasi, na uachie mshipi fimbo ikiwa imeinuka takriban nyuzi 45. Usiige mitindo ya kuzungusha chubwi hewani uliyoiona kwa wazoefu. Mita 40 hadi 60 zinatosha kabisa usiku, na waitingi mara nyingi huwa ndani ya umbali huo, nyuma tu ya mahali wimbi linapovunjikia.

8. Tia nanga. Chubwi ikigusa chini, acha mshipi zaidi utoke mita chache uchukuliwe na mkondo, ndipo ufunge rili. Upinde huo wa mshipi huivuta chubwi kutoka ubavuni na kuyafanya makucha yazame mchangani. Ukiukaza mshipi mara moja utayang'oa. Simamisha fimbo wima kwenye stendi ili mshipi upite juu ya mawimbi ya karibu, kisha kaza hadi ncha ipinde kidogo.

9. Soma ncha ya fimbo. Bandika utepe unaong'aa kwenye ncha na uutazame kwa taa. Waitingi hutikisa haraka haraka, mara tatu au nne, akanyamaza na kurudia. Flaunda huvuta polepole kama mtu anayejaribu kamba, na mwanzoni utadhani ni wimbi. Ishara ya kuiheshimu zaidi ni ile ya mshipi kulegea ghafla na fimbo kunyooka: samaki mkubwa ameing'oa chubwi na anakuja upande wako. Hapo usisubiri, zungusha rili upesi huku ukirudi nyuma hadi uusikie uzito. Kwa waitingi, kinyume chake, acha dakika mbili tatu zipite, maana mara nyingi wa pili hujinasa kwenye ndoana iliyobaki.

10. Mlete samaki kwa msaada wa wimbi. Anapofika kwenye povu, acha kuvuta wimbi linaporudi na uvute linapokuja, ili maji yenyewe yamweke ufukweni, kisha mfuate likishatoka. Usiingie majini kumfuata. Lowanisha mikono kabla ya kumshika, chopoa ndoana kwa koleo, mpime, na umrudishe kwa kumweka majini, si kwa kumtupa. Papa mdogo mshike mkia na kichwa pamoja, la sivyo atajizungusha mkononi mwako na ngozi yake itakuchuna kama msasa. Ukivua gatini, tumia wavu wa kushusha kwa kamba. Samaki mzito akiinuliwa kwa mshipi mtupu huukata na kuondoka na ndoana mdomoni.

Matatizo ya kawaida na tiba zake

*Chambo kinarudi kimeliwa chote bila mtikisiko wowote.* Hao ni kaa au samaki wadogo. Ongeza ngisi, kwa kuwa ni mgumu, zungusha uzi wa mpira mara nyingi zaidi, na uvute kila baada ya dakika kumi. Maji yakizidi kupoa kaa hupungua wenyewe.

*Chambo kinarudi kama kilivyokwenda.* Samaki hawapo hapo kilipoangukia. Kabla ya kuhama ufuko, badilisha umbali: rusha mita 30, kisha 50, kisha 70, na ukipata dalili rudia pale pale. Kama saa nzima ya maji kujaa gizani imepita bila dalili, sogea hatua mia moja.

*Ncha inatikisika lakini hakuna anayenasa.* Mara tisa kati ya kumi ndoana ni kubwa mno, ni butu, au ncha yake imezama ndani ya chambo. Shuka hadi namba 1, punguza ukubwa wa chambo, na uinoe ndoana kwa tupa ndogo au uibadilishe.

*Chubwi haishiki, inaburutwa hadi kwenye mshipi wa jirani.* Rusha ukielekea juu ya mkondo badala ya mbele yako, toa mshipi zaidi, na utumie makucha marefu. Bado ikiburutwa, mkondo wa saa hiyo umezidi vifaa vyako. Pumzika hadi maji yakaribie kusimama.

*Mwani unajaa kwenye mshipi.* Hutokea sana baada ya dhoruba. Inua fimbo juu zaidi na ufupishe umbali wa kurusha. Mwani ukiwa mwingi kiasi cha kuipinda fimbo kila dakika tano, hamia ufuko unaoelekea upande mwingine wa upepo.

*Mshipi unakatika kila unaporusha.* Kagua fundo la mshipi wa kinga, kisha upitishe kipande cha soksi ya nailoni ndani ya kila pete ya fimbo. Kitanasa palipo na ufa. Kata pia mita chache za mwanzo za mshipi mkuu kila baada ya safari mbili tatu kwa sababu mchanga huukwaruza.

*Vidole vimekufa ganzi na huwezi kufunga fundo.* Fungia mitego yako nyumbani, kumi au zaidi, uiviringe kwenye mifuko midogo, ili ufukweni kazi yako iwe ni kuning'iniza tu kwenye klipu. Lakini ukianza kutetemeka bila kuweza kujizuia, au ulimi ukawa mzito, mwili unapoteza joto: funga vifaa na uondoke, hata kama samaki wanakula.

*Rili inakwaruza na kugoma.* Chumvi na mchanga vimeingia. Suuza rili na fimbo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yanayotiririka polepole, siku ile ile unaporudi. Maji ya kasi husukuma chumvi ndani zaidi. Kausha, kisha weka tone la mafuta kwenye mpini na kwenye kiringi cha mshipi.